Mossberg 500 Combo: mtutu wa pili badala ya msumeno

Anayetaka shotgani yenye mtutu mfupi nchini Marekani ana njia mbili halali. Anaweza kuufunga mtutu mrefu alionao kwenye jiliwa na kuukata kwa msumeno wa chuma, ilimradi asivuke kikomo cha sheria. Au anaweza kununua mtutu wa pili uliotoka kiwandani ukiwa mfupi, akawa anabadilisha kulingana na kazi. Mossberg 500 Combo, toleo la Field/Security la geji 12 (kipimo cha upana wa tundu la mtutu), ni njia hiyo ya pili ndani ya boksi moja: bunduki moja ya pampu, yaani ya kuvuta na kusukuma mshiko wa mbele kwa kila risasi, mtutu wa inchi 28 wa kuwindia ndege na mwingine wa inchi 18.5 wa kulinda nyumba. Swali la tathmini hii ni moja: je, inatosha kumfanya mtu aweke msumeno kando? Kwa maoni yangu inatosha, karibu kila mara. Ina kasoro zake, na nitazitaja, lakini hakuna hata moja inayozidi hasara ya kuukata mtutu mzuri.

Sheria kwanza, maana hapa milimita chache zinaweza kumpeleka mtu gerezani. Sheria ya serikali kuu ya Marekani kuhusu silaha za aina hii ni ya mwaka 1934. Shotgani yenye mtutu wa chini ya inchi 18, yaani sentimita 45.7, ni silaha ya kusajiliwa. Vivyo hivyo shotgani iliyofanyiwa marekebisho mpaka urefu wake wote ukawa chini ya inchi 26, yaani sentimita 66. Vipimo hivi ni viwili na vyote lazima vitimie. Mtutu wa inchi 18.5 hauwezi kuiokoa bunduki ambayo kitako chake kimekatwa mpaka jumla ikashuka chini ya 26. Kuwa na silaha hiyo bila usajili ni kosa ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka 10. Watu wengi hujikwaa kwa kuchanganya shotgani na raifo: raifo kikomo chake kilishushwa hadi inchi 16 mwaka 1960, shotgani ikabaki kwenye 18. Aliyezoea raifo asichukue kipimo cha huko akakileta huku.

Njia ya kwenda chini ya inchi 18 kihalali ipo. Unaomba kibali kwa ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, kwa fomu yao namba 1, na unasubiri kibali kitoke kabla hujagusa msumeno. Kodi ya kibali hicho ilikuwa dola 200 tangu 1934, na kuanzia tarehe 1 Januari 2026 imeshushwa hadi sifuri. Baadhi ya watu wamelichukulia hilo kama ruhusa ya kukata ovyo. Kilichoondoka ni kodi tu. Usajili, alama za vidole na kusubiri kibali viko palepale, na baadhi ya majimbo hayaruhusu silaha hizo hata kwa mwenye kibali. Majimbo na miji pia yana masharti yao kuhusu shotgani za kawaida, kwa hiyo soma sheria ya unapoishi kabla ya kununua chochote. Walioko Kanada wajue kwamba kule shotgani iliyokatwa mtutu ukawa chini ya milimita 457 inaingia kwenye silaha zilizopigwa marufuku, na Uingereza kikomo kiko juu zaidi: kuukata mtutu wa shotgani chini ya inchi 24 ni kosa. Yote yanayofuata hapa ni ya Marekani.

Sasa bunduki yenyewe. Kampuni ya O.F. Mossberg & Sons ilianzishwa mwaka 1919 na Oscar Mossberg, mhamiaji kutoka Sweden, na makao yake yako North Haven, Connecticut. Modeli 500 imekuwa sokoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 na zimeshatengenezwa zaidi ya milioni 10. Wingi huo una faida kwa mnunuzi: mitutu, choki (vibano vya mdomo wa mtutu), vitako na skrubu zake zinapatikana karibu kila duka la bunduki, mpya na zilizotumika.

Bodi, yaani kiwiliwili cha bunduki, ni ya aloi ya alumini, na hapo ndipo wengi huanza kutilia shaka. Hakuna haja. Bolti ya 500, yaani kipande kinachoziba nyuma ya mtutu, haijifungi kwenye alumini; kipande cha chuma kinachoinuka juu ya bolti kinaingia kwenye tundu la mkia wa mtutu, ambao nao ni chuma. Nguvu ya mlipuko inabaki kati ya chuma na chuma, na bodi inabeba tu vifaa. Muundo huohuo ndio unaofanya ubadilishaji wa mitutu uwe rahisi, kwa kuwa sehemu ya kufungia imo kwenye mtutu wenyewe na kila mtutu unakuja na yake.

Swichi ya usalama iko juu, nyuma ya bodi, mahali kidole gumba kinapolala chenyewe. Anayetumia mkono wa kushoto hapati shida, jambo ambalo bunduki nyingi za pampu haziwezi kulidai. Kitufe cha kufungulia pampu kiko nyuma ya kilinzi cha kifyatulio, upande wa kushoto, na kinafikiwa bila kuachia mshiko. Chemba inameza risasi za inchi 2¾ na za inchi 3. Bomba la magazini linachukua tano za inchi 2¾, na moja zaidi kwenye chemba.

Hapa kuna lalamiko linalosikika sana dukani: mtu anafika nyumbani, anajaza, bunduki inakataa ya tatu kwenye bomba. Haijaharibika. Kiwanda huweka kijiti cha mbao ndani ya bomba kwa sababu sheria ya kuwinda ndege wahamao, kama bata maji na njiwa, inataka bunduki isichukue zaidi ya risasi tatu kwa jumla. Kwa matumizi ya nyumbani unaondoa mtutu, unaelekeza bomba chini, unatikisa taratibu na kijiti kinadondoka. Kihifadhi mahali utakapokikumbuka, maana askari wa wanyamapori huikagua bunduki kwa kuijaza, na kusema umekisahau hakutakusaidia.

Kubadilisha mtutu ndiyo roho ya kombo hii, kwa hiyo nitaeleza kwa undani. Hakikisha kwanza bunduki haina kitu: swichi ya usalama iwe imefungwa, fungua bolti, tazama chemba, ingiza kidole kwenye chemba na kwenye mlango wa magazini. Macho peke yake hayatoshi. Risasi inaweza kukwama ndani ya bomba na kutoka baadaye. Vuta pampu nyuma mpaka karibu nusu ya safari yake. Ncha ya bomba la magazini kuna skrubu kubwa yenye kichwa chenye mikwaruzo ya kushikia vidole, iliyoshikamana na pete ya mtutu. Ifungue kwa vidole, kinyume cha saa. Bunduki mpya huwa imekazwa sana. Zungushia kitambaa kinene ndipo ushike kwa nguvu, usikimbilie koleo. Skrubu ikiachia bomba, vuta mtutu mbele huku ukiuchezesha kidogo kulia na kushoto, nao unatoka mzima.

Futa mkia wa mtutu unaouingiza, pakaa oili nyepesi kidogo, uingize kwenye bodi bolti ikiwa bado nyuma, mpaka pete yake ikae sawasawa juu ya ncha ya bomba. Kaza skrubu kwa mkono mpaka igote. Sukuma pampu mbele, bolti ijifunge, kisha ushike mdomo wa mtutu na ujaribu kuutikisa. Mchezo mdogo sana ni wa kawaida. Ukisikia mgongano, kuna kitu hakijakaa.

Kinachokosewa mara nyingi ni bomba la magazini lenyewe. Limefungwa kwa nyuzi ndani ya bodi, na mtu akifungua skrubu ngumu kwa nguvu, bomba zima linaweza kuzunguka likatoka kidogo. Likitoka hata milimita mbili tatu, pete ya mtutu haifikii mahali pake, skrubu inagota mapema na mtutu unacheza. Wenye bunduki wakiona hivyo hudhani wameuziwa mtutu usio wake. Kabla ya kurudisha dukani, kaza bomba kwa mkono mpaka lifike mwisho, kisha ujaribu tena. Kosa la pili ni skrubu kulegea kwa mshtuko wa risasi. Ikague baada ya risasi chache za kwanza, na kila unapobadilisha mtutu. Kwa aliyezoea, kazi yote ni ya dakika moja au mbili, bila bisibisi wala spana.

Mtutu wa inchi 28 una reli yenye matundu juu yake na nyuzi za choki mdomoni. Choki tatu ziko ndani ya boksi: iliyobana kabisa, ya wastani, na iliyobana kidogo. Tundu la geji 12 kwa kawaida ni inchi 0.729, yaani milimita 18.5, na choki hulipunguza mwishoni kabisa: iliyobana kabisa kwa karibu milimita 0.9, ya wastani nusu milimita, iliyobana kidogo robo milimita. Tofauti inaonekana ndogo, lakini matokeo yake ni makubwa. Kipimo cha jadi ni duara la inchi 30 kwenye umbali wa yadi 40: iliyobana kabisa huweka humo takriban asilimia 70 ya marisau (vidonge vidogo vinavyotoka kwenye ganda), ya wastani 60, iliyobana kidogo 50, na mtutu usio na choki karibu 40. Nyuzi za choki za Mossberg 500 zinaoana na za Winchester Winchoke na Browning Invector ya zamani, kwa hiyo ukipoteza moja hutahangaika kupata nyingine.

Tahadhari moja kwa wawindaji wa bata maji. Tangu 1991 marisau ya risasi nyeusi, yaani madini ya risasi, hayaruhusiwi kwa ndege wa majini kote Marekani, na wengi hutumia ya chuma. Chuma hakibonyei kama risasi nyeusi kikipita kwenye mbano. Usiyapitishe kwenye choki iliyobana kabisa. Tumia ya wastani au iliyobana kidogo, nayo chuma hukaa pamoja vizuri kuliko unavyotarajia.

Mtutu wa inchi 18.5 hauna choki, hauna reli, una shanga moja ya shaba ya kulengea mdomoni basi. Bunduki nzima inakuwa na urefu wa karibu inchi 38 badala ya 47 na nusu, na uzito unashuka kutoka karibu kilo 3.4 hadi karibu 3.1. Kwenye korido ya nyumba au ndani ya trekta tofauti hiyo inahisika mara moja. Risasi nene za namba 00, zenye vipande tisa vya milimita 8.4 kila kimoja katika ganda la kawaida la inchi 2¾, hutawanyika takriban inchi moja kwa kila yadi ya umbali kwenye mtutu usio na choki. Hiyo ni kanuni ya kukadiria tu. Kila mtutu na kila aina ya risasi ina tabia yake. Bandika karatasi kubwa, piga kutoka yadi 7, 10 na 15, uone mwenyewe. Fanya hivyo kwa mitutu yote miwili, maana haipigi mahali pamoja: mmoja una reli na macho yako yanakaa juu zaidi, mwingine hauna. Mtutu mfupi unafaa pia kwa risasi moja nzito ya kulungu yenye mikunjo ubavuni. Zile za kisasa zenye ganda la plastiki linaloachia njiani zinahitaji mtutu wenye mifereji, ambao haumo kwenye kombo hii.

Kasi inayopotea kwa mtutu kuwa mfupi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, kati ya futi 5 na 10 kwa sekunde kwa kila inchi. Kinachoongezeka ni kishindo na moto mdomoni. Shotgani yoyote inapita desibeli 150, na ukiwa ndani ya chumba ukiwa na mtutu mfupi ni kali zaidi. Kinga za masikio ni lazima mazoezini, na zile za elektroniki zinazoruhusu sauti ya mtu kupita zinafaa hata nyumbani.

Sasa tuangalie msumeno, maana wapo watakaosema: mtutu wa inchi 28 ninao, kwa nini ninunue mwingine? Kazi ya kukata ukiitazama vizuri ndiyo inayoiuza kombo hii.

Kipimo ndicho cha kwanza kuharibika. ATF hupima kuanzia uso wa bolti iliyofungwa mpaka mdomoni. Bunduki ikiwa tupu na bolti imefungwa, unaingiza kijiti cha mbao kilichonyooka kupitia mdomoni mpaka kigote uso wa bolti, unaweka alama usawa wa mdomo, unakitoa na kukipima kwa rula ya chuma. Choki inayofunguka haihesabiwi, kwa hiyo itoe kwanza. Ambaye hupima mtutu ukiwa mezani, nje ya bunduki, hujitia hatarini, hasa kwa Mossberg: mkia wa mtutu unapita nyuma ya uso wa bolti, na ukiuhesabu unajidanganya kwamba una chuma kirefu kuliko ulichonacho. Anakata kwenye 18 ya mezani, na bunduki ikifungwa inasoma 17 na kitu. Chuma kilichokatwa hakirudi. Ndiyo maana mafundi bunduki huweka alama kwenye 18.75, wakijua kwamba kunyoosha na kusafisha mdomo kutakula sehemu yake na bado watabaki juu ya 18 kwa nafasi ya kutosha.

Kukata kwenyewe kunahitaji mtutu uwe umetolewa kwenye bunduki na kushikwa kwenye jiliwa lenye vipande vya mbao, la sivyo meno ya jiliwa yatauminya bomba lenye ukuta wa milimita moja na kitu. Unazungushia utepe kama mwongozo, unatumia blade ya meno 32 kwa inchi, na unazungusha mtutu kidogokidogo ukikata pembezoni badala ya kushuka moja kwa moja. Kikata mabomba cha fundi maji kinavutia kwa sababu hukata duara lililonyooka, lakini kinasukuma chuma ndani na kuacha ukingo unaoziba tundu. Lazima ukingo huo utolewe wote. Baada ya hapo ni tupa na guniamraba mpaka mdomo uwe sawa pande zote. Mdomo wenye mshazari husukuma marisau upande mmoja. Ukingo wa ndani unasafishwa kwa skrubu ya shaba yenye kichwa cha mviringo, iliyopakwa unga laini wa kusagia valvu na kuzungushwa kwa drili ya polepole huku mkono ukiyumbayumba ili isichimbe upande mmoja.

Bado shanga. Ile ya mwanzo imeondoka na kipande kilichokatwa. Tundu jipya lichimbwe katikati kabisa ya juu, litiwe nyuzi, na skrubu ya shanga isichomoze ndani hata kidogo, maana kifuko cha plastiki kinachobeba marisau kitajigonga hapo kwa kila risasi. Kisha rangi ya chuma, vinginevyo mdomo unashika kutu ndani ya wiki ya unyevunyevu.

Hayo ni kwa mtutu mtupu. Ule wa reli ni mgumu zaidi: reli hushikiliwa na vinguzo, na ukikata katikati ya vinguzo viwili ncha yake inaning'inia hewani na kupinda ikiguswa. Inabidi ukate mbele kidogo ya kinguzo, hata kama hiyo inamaanisha inchi 19 au 20 badala ya 18.5. Jiwe la kusagia la umeme lisikaribie bunduki ambayo reli yake imeshikwa kwa lehemu laini, joto huiachisha. Na bunduki ya mitutu miwili isikatwe nyumbani kabisa. Mitutu ile imepangwa ikutanishe mapigo yake mbele, na ukiikata pengo kati yake linabaki wazi, kazi ya kuliziba kwa lehemu bila kuachanisha mitutu ni ya fundi.

Mwisho wa yote hayo una mtutu usio na choki, usio na nyuzi za choki, ambao hauwezi tena kwenda kwenye bata maji wa yadi 40. Choki iko kwenye inchi chache za mwisho, nazo ndizo zilizobaki sakafuni. Kuna hali moja tu ninayoona msumeno una haki yake: mtutu ulioharibika mdomoni, uliobonyea au kupasuka kwa sababu ya tope au theluji, nyuma yake ukiwa mzima. Kuukata hadi 18.75 ni kuuokoa, kwa masharti kwamba mpasuko umeisha kabisa mbele ya alama.

Kombo nayo ina kasoro. Kilinzi cha kifyatulio ni cha plastiki, na kitufe cha swichi ya usalama mara nyingi ni cha plastiki pia. Kile cha chuma huuzwa kwa bei ndogo na kinafaa kuwa ununuzi wa kwanza. Pampu inacheza na kupiga kelele bunduki ikiwa wima. Si hitilafu, lakini mwindaji wa kulungu anayesogea kimyakimya atakereka. Kitako ni kirefu kwa mtu mfupi au aliyevaa koti la baridi, na hakirekebishiki kwenye matoleo ya kawaida. Mpira wa kitako ni mwembamba, na risasi za inchi 3 kwenye mtutu mfupi zinauma bega vibaya. Kubwa kuliko yote: mtutu wa akiba unakuja bila mfuko wowote. Ukiuegemeza kabatini bila kitu, mkia wake wenye mashimo ya kufungia ndio unaokusanya vumbi, na mdomo ndio unaobonyea ukianguka. Kipande cha bomba la plastiki la maji chenye vifuniko viwili kinautunza vizuri.

Baadhi ya matoleo yalikuja na kishikio cha bastola cha kuweka badala ya kitako. Kwa mtutu wa 18.5 bado urefu wote unabaki juu ya inchi 26, ila pima mwenyewe ukibadilisha chochote. Na usinunue mtutu wa inchi 14 wa mtandaoni ukaufunga kwenye bunduki iliyokuwa na kitako. Silaha fupi zinazouzwa na mitutu hiyo hazijawahi kuwa na kitako tangu kiwandani na sheria haiziiti shotgani, yako inaitwa.

Kwa mwenye fedha kidogo, Maverick 88 ni ya kampuni hiyohiyo na inapokea mitutu ya 500 ya geji na ujazo uleule. Swichi yake ya usalama iko kwenye kilinzi cha kifyatulio, inasukumwa kwa pembeni, nayo ni tofauti kubwa zaidi utakayoihisi. Remington 870 ina bodi ya chuma na inaendeshwa kwa ulaini zaidi, lakini swichi yake haimfai mtu wa mkono wa kushoto. Ukinunua mtutu peke yake kwa 500 uliyonayo, angalia ujazo wa bomba: mtutu wa 18.5 ni wa bunduki ya risasi sita, ile ya risasi nane ina bomba refu na inataka mtutu wa inchi 20, na wa 590 una namna yake ya kufungia. Ukichanganya, pete haitakutana na bomba.

Ndugu wenye kadi ya kijani wanaruhusiwa kununua kama raia, kwa fomu 4473 ya ununuzi wa silaha na ukaguzi wa jina. Walio kwa viza ya muda kwa kawaida hawaruhusiwi, isipokuwa wachache wanaotimiza masharti kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mtutu peke yake kwa sheria ya serikali kuu hauhesabiwi kuwa bunduki, hivyo unaweza kutumwa hadi mlangoni. Hilo lisimdanganye mtu akautia kwenye maboksi ya nguo na viatu yanayokwenda Mombasa au Dar es Salaam. Kutoa mtutu wa shotgani nje ya Marekani kwa kawaida kunahitaji leseni ya serikali, na upande wa pili nao una kibali chake. Bila hivyo, mpokeaji ndiye atakayeitwa bandarini.

Ukichukua kombo iliyotumika, ingia dukani na kijiti chako cha mbao na rula. Vitu vya kuangalia ni hivi: mkia wa mtutu usiwe na nyufa kwenye tundu la kufungia, choki zote zitoke kwa ufunguo bila kulazimishwa, bomba la magazini lisicheze. Mtutu mfupi utazame mdomoni. Wa kiwandani una ukingo laini uliosawazishwa na rangi ileile mpaka ndani ya ukingo. Uliokatwa nyumbani unaonyesha mistari ya tupa, rangi tofauti, au shanga iliyokaa upande. Ukishuku, mwombe muuzaji akuruhusu upime na bolti ikiwa imefungwa. Ukisoma inchi 18 na zaidi, bei ishuke kwa sababu ya kazi ya mkono na mnaweza kuendelea. Ukisoma chini ya 18, irudishe juu ya kaunta hapohapo bila kutoa hata senti, kwa kuwa sheria haiulizi ni nani aliyekata; inauliza iko kwa nani.